Hapana ya Baba Pacha

Mama Pacha alianza kuandika mabango kwa brashi, enzi hizo akisimama juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine, na inasemekana aliwahi kuchora herufi yenye mkia mrefu hata ukaishia duka la jirani. Magoti yalipoanza kumnung'unikia akanunua kompyuta iliyotumika, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, kazi ikanoga.

Mumewe, kinyozi, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakujua kukataa. Kuna siku aliwaitikia wateja watatu kwa mpigo, wakashinda mtaani na vichwa vilivyonyolewa nusu wakingojea zamu ya nusu ya pili. Basi asubuhi ile kompyuta ilipomwuliza kama iboreshe mfumo wake, naye kakaa hapo anasubiri chai, mlitaka ajibu nini?

Mama Pacha alirudi kutoka sokoni akakuta skrini si ile. Herufi zimevimba hata mbu aliye nje ya chandarua angezisoma. Rangi zimepauka kama shuka la zamani. Ukisogeza dirisha la programu, linaacha nyayo kama bata aliyetoka topeni, na kitufe cha kuhifadhi kazi kimezama chini ya ukingo wa skrini, hakifikiki.

"Baba Pacha, umeigusa?"

"Mimi? Iliniomba yenyewe."

"Ilikuomba nini?"

"Kitu kidogo tu. Tena kwa adabu."

Mwokaji wa ng'ambo ya barabara alikuwa anafungua duka lake kesho, na bango lake limo humo ndani, halijakamilika. Wachapaji walilitaka kabla hawajafunga jioni. Lisipofika, mwokaji angefungua duka lisilo na jina, na aliyemwahidi kwa kinywa chake ni Mama Pacha.

Akampigia simu fundi aliyemuuzia kompyuta.

"Kadi yako ya picha ni bibi kizee, dada," fundi akasema huku anacheka. "Mfumo mpya umekuja na draiva mpya, ile programu ndogo inayoiambia kadi ichore vipi. Bibi haelewi lugha ya vijana. Itoe, rudisha ya zamani, kisha zima na uwashe. Na waya wa skrini uukaze."

Mama Pacha akaitoa draiva mpya, akarudisha ya zamani kutoka kwenye sidii yake, akazima, akawasha, akaingia chini ya meza kukaza waya. Alipotoka, herufi zilikuwa zimevimba vilevile. Akarudia. Zikavimba. Akarudia tena huku jua linashuka, na safari hii akachungulia kabla hajamaliza na waya. Akaona kidole cha mumewe juu ya kipanya.

"Unabofya nini hapo?"

"Inauliza kama ituletee draiva mpya zaidi. Nikaikubalia."

"Kila ikiwaka?"

"Inauliza kila ikiwaka, Mama Pacha. Nitainunia?"

Alicheka mpaka akagonga kichwa chini ya meza, na vikombe jikoni vikaitikia. Alipopata pumzi akarudisha draiva ya zamani, akawasha, kisha akaurudisha mkono wa mumewe kwenye kipanya.

"Leo utakataa mwenyewe. Mimi sikusaidii."

Swali likatokea. Baba Pacha akatokwa na jasho la kutosha kufulia shati alilovaa. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari.

"Utanisamehe," akaiambia skrini kwa sauti ya chini, akabofya Hapana.

Kioo kikawa cheusi kidogo, kikarudi. Herufi zimenywea, dirisha linateleza bila nyayo, na wekundu wa bango umekolea. Mama Pacha akamsukuma mumewe kwa nyonga atoke kitini, akamalizia mkate uliochorwa kwenye kona, akautia na moshi, akalituma. Mchapaji akajibu kwamba limefika, naye alikuwa ameshashika funguo.

Kesho yake mwokaji alisimama katikati ya barabara, mikono imejaa unga, akilisoma bango lake kwa sauti. Pikipiki zikampigia honi. Akazionyesha kwa kidole mahali pa kusoma.