Kibuyu Kilichowekwa Chini

Harufu ya asali ikiyeyuka kwenye maji ya vuguvugu wengine huwatoa mate. Mimi hunisimamisha nywele. Nilikuwa na miaka kumi, huku kwetu Msalala, masika ambayo ndama wanne wa jirani walikufa mfululizo, kisha akafa mtoto wake. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu, ambayo kwetu husemwa ni ya mchawi. Kila mwanamke aliyepikia moto wa samadi kavu maisha yake yote alikuwa nayo, lakini watu wakayatazama ya kwake tu. Salamu zikapungua. Chumvi hawakuja kuomba tena. Wahenga wanasema lisemwalo lipo. Mimi niliishia darasa la pili, lakini hapo nasema wahenga walikosea.

Zamu yetu ya kupaliliwa shamba ilipofika, ilibidi wapaliliaji wapewe pombe. Bibi akaniambia niitengeneze mimi. Wakiinywa, alisema, maneno yamekwisha; wakiikataa, hapa si pa kulala tena. Akanielekeza kwa mdomo tu, mkono wake usiguse kitu. Nikakamua masega kwenye maji ya vuguvugu, nikatia tunda kavu la mwegea la kuumulia, nikafunika chungu, nikakisogeza karibu na jiko. Siku nne kilichemka chenyewe gizani, kikinong'ona kama watu nyuma ya ukuta.

Siku ya kazi bibi alijifungia ndani. Nikaonja kwanza mbele ya watu, ndiyo desturi ya mpishi, halafu nikampa kibuyu Mzee Masanja, mkubwa wao. Akanusa, akasema atakayenioa atazeeka mlevi. Wote wakacheka. Kibuyu kikikaribia mdomo akaniuliza nani kanifundisha. Kwa majivuno nikamjibu, "Bibi."

Akakiweka chini. "Leo tumbo linanisumbua, mwanangu."

Wa pili naye tumbo. Wanaume tisa, matumbo yote siku moja. Wakabeba majembe, shamba likabaki nusu.

Bibi alikuwa amesikia yote. Hakunigombeza. "Nifungie mzigo," alisema. Alfajiri baba alimpeleka Geita kwa shangazi, na huko ndiko alikozikwa.

Leo nina mizinga themanini na nyumba ya bati, kwa jasho langu. Wachimbaji wa Segese hufuata pombe ya asali kwangu, wananiita mayu, yaani mama, wananiambia mambo yale ni ya zamani. Huenda. Mwezi uliopita mtoto wa jirani aliugua ghafla, na kwa siku tatu uani kwangu hakuingia mnunuzi hata mmoja. Siku ya nne mtoto akapona, vidumu vikapanga foleni. Niliwauzia. Hakuna aliyesema alikuwa wapi, nami sikuuliza.