Mshenga Mwenye Mafua

Juma lililopita nilikuwa kwenye duka la dawa pale Mkolani, mojawapo ya haya yaliyochipuka kila kona siku hizi, akaingia jirani yangu huku pua ikichuruzika.

"Mama, nipe rangi mbili, vidonge viwili tu. Kesho mimi ni mshenga huko Magu."

Mwenye duka, muuguzi mstaafu, akamtazama juu ya miwani. "Haya mafua yako ni ya virusi, baba, na rangi mbili ni antibiotiki, haziui virusi. Kalale, unywe maji mengi, unawe mikono."

"Nitalalaje na wakwe wanasubiri? Nisipompa mkono kila mzee, binti hatupewi."

"Ukiwapa, watapokea mafua kabla ya ng'ombe."

Nikacheka mpaka nikaegemea kaunta. Mama akanigeukia. "Wewe unayecheka, una mafua?"

"Sina."

"Na mdomo unao. Nenda wewe badala yake."

Jirani, kwa furaha, akaanza kuvua koti lake anivalishe. Mama akamshika mkono: "Koti libaki kwako."

Basi nikaenda Magu, nikasema mpaka nikakaukiwa mate, na binti tukapewa. Wakati wa kuagana, babu wa binti akapigia chafya kiganjani, akakifuta kwenye suruali, akaninyooshea. Ukoo mzima ulikuwa unatazama. Nikakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Harusi ni mwezi ujao, nanyi mnakaribishwa. Mimi naandika haya nikiwa kitandani, na mke wangu ananipitishia uji dirishani.