Masizi ya Jikoni

Miaka ile ya dhahabu tulijifunza kunusa nyumba. Ukipita karibu na kibanda kipya ukaona hakinuki moshi, unajua hiyo ni tegesha: nyumba ya kutega, iliyosimamishwa harakaharaka ili mgodi ukipanuka mwenyewe alipwe fidia. Nyingine hazikuwa hata na mlango. Basi wathamini waliokuja kuhesabu nyumba walituona sote wezi, sisi tukawaona wao wezi, na majirani nao tukaanza kuangaliana hivyo hivyo.

Nyumba yetu haikuwa tegesha. Baba aliijenga kabla shimo la kwanza halijachimbwa upande ule, na akafia humo. Ila karatasi hatukuwa nayo. Nani alikuwa nayo? Kitongoji kilikuwa kimejaa wachimbaji, mama lishe na wapangaji kutoka kila upande, hakina bomba wala choo cha maana. Maji tulichota kwenye kijito ambacho hata ng'ombe walisita kukinywea.

Ikatangazwa kwamba nyumba itakayopigwa namba mwenyewe atapewa kiwanja mahali penye bomba. Isiyo na namba itavunjwa, basi. Mama aliitaka ile namba kuliko kitu chochote, maana magoti yake yalikuwa yamechoka na njia ya kijitoni.

"Serikali ije ikute nyumba chafu?" aliniambia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kwao Itiryo mgeni mkubwa hakupokelewa kabla ukuta haujasiribwa. Mimi nilikuwa msichana mwenye nguvu zangu. Nilichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikasiriba nje na ndani, kisha nikapanda kwenye stuli jikoni nikasugua masizi kwenye pau mpaka miti ikarudi rangi yake.

Jirani yetu, fundi cherehani, alinikuta hapo. Alikuwa mzee Mwislamu aliyehamia kutoka Tarime mjini, na ukuta wake ulikuwa hatua chache kutoka wetu. Alisimama mlangoni.

"Mwanangu, acha hayo masizi," akasema. "Jana nimewaona hao wathamini kule juu. Wanatafuta masizi."

Nilimjibu "Asante, mzee" kwa adabu zote, nikaendelea kusugua. Moyoni nilijiuliza huyu anataka nini. Viwanja vilisemekana kuwa vichache. Nyumba yetu ikikataliwa kwa uchafu, si yake ndiyo inapanda mstari? Nikamwambia mama, kikulacho ki nguoni mwako, huyu fundi anataka kitu, kuna alichoahidiwa. Nikasiriba tabaka la pili.

Mthamini alifika kesho yake, kijana mwenye buti safi.

"Karibu, mura, ukae," mama akamwambia, akimwita kijana kwa lugha ya kwao.

Hakukaa. Aliweka kidole gumba ukutani, akakandamiza, kikazama. Akainua macho kwenye pau zangu zinazong'aa.

"Hii mmejenga lini, mama? Wiki iliyopita?"

Mama alidhani ni utani, akacheka. Kijana akaandika kitu kwenye daftari lake, akatoka. Mlango wa fundi ulipigwa namba kwa rangi nyekundu. Wetu haukupigwa kitu.

Nilipata jibu langu papo hapo: fundi ametuchoma. Sikumwamkia tena. Nikikutana naye nageuza uso, mimi niliyelelewa kumwamkia kila mwenye mvi.

Mama, yeye, alikwenda kumwomba ushahidi. Siku ya malalamiko tulifika watatu ofisi ya kijiji, mimi nikiwa nyuma, macho kwenye kisogo cha fundi, nikingoja atuuze mbele yangu.

"Nyumba hii niliikuta," fundi akasema. "Nilipohamia, huyu mama ndiye aliyenipa maji ya kwanza."

"Mbona udongo mbichi?" ofisa akauliza.

Jibu fundi alikuwa nalo: nilimwonya binti yake, hakusikia.

"Walisiriba kwa ajili yenu," akasema. "Walikuwa wanapokea wageni."

Mama akamwomba ofisa aje akwangue ukuta kidogo tu, aone kilicho chini. Akajibiwa kwamba zoezi limefungwa. Kisha ofisa akamgeukia fundi.

"Na wewe mzee, unataka nini hapa? Namba si umeshapata? Wamekuahidi kitu gani?"

Masikio yangu yaliwaka moto kwa aibu. Yalikuwa maneno yangu yale yale niliyomwambia mama jikoni, sasa yanatoka kwenye kinywa cha mtu niliyemchukia. Fundi alivaa kofia yake, akamshika mama mkono kwenye ngazi.

Mashine ya kuvunja nyumba ilikuja asubuhi, vyombo vyetu vikiwa tayari nje. Ilipogusa ukuta wa jikoni, udongo wangu ndio uliotangulia kuanguka, mapande kwa mapande, na chini yake ukatokea ukuta wa baba, mweusi tii kwa moshi wa miaka yote. Wa ofisini hakuwepo hata mmoja. Dereva hakugeuza kichwa.

Fundi alikuwa amesimama kando ya mama, amemshikia sufuria.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, macho yake yakiwa bado kwenye ule weusi.