Pikapu Iliyokula Sabuni

Ofisi moja ya pamba kule Bunda ilipouza vitu vyake vichakavu kwa mnada, watu wenye akili walinunua viti. Mume wangu, aliyekuwa karani palepale, alinunua pikapu. Ilikuwa imetembea mpaka namba za kilometa zikachoka zikasimama. Juu ya rangi yake hatukuwahi kukubaliana. Yeye aliiita bluu. Aliileta kwetu Bweri ikivutwa na trekta, akaiosha, akaita majirani waje kuona. Majirani, ambao wengi hawakuwa na hata baiskeli, wakamsifu. Tangu siku hiyo akaanza kutembea funguo zikining'inia kidoleni, hata akienda chooni.

Ile ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na spea za gari ndiyo usiseme. Basi mume wangu akajifanya fundi. Gurudumu likipasuka alilishindilia majani makavu. Rejeta ikivuja alipasua yai akalimimina ndani, yai la kuku wangu. Mimi nilikuwaga nauza dagaa sokoni mjini. Siku moja nikarudi nikakuta kipande cha sabuni, nilichokipata baada ya kushinda nimesimama dukani, kimekatwakatwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, naye anakikoroga kwa mwiko wangu wa ugali. Nikamwuliza anafua nini. Akanieleza kwamba mafuta ya breki hayapatikani Musoma nzima, na kwamba maji ya sabuni yanafanya kazi ileile. Wiki hiyo tulifua kwa majani ya mpapai. Breki za pikapu zilikuwa safi kuliko shingo za watoto wetu.

Ndipo wifi yangu, mdogo wake mume wangu, akachumbiwa na familia ya upande wa Butiama. Baba mkwe wangu alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyepaswa kwenda kuchagua ng'ombe wa mahari, pamoja na baba yake mdogo. Nikashauri wapande basi la asubuhi. Akanitazama kana kwamba nimetukana ukoo. Alisema wakwe wakimwona anashuka kwenye basi na kikapu watamtolea ng'ombe waliokonda, lakini wakimwona anashuka kwenye gari lake watajua wanashughulika na mtu gani. Hilo la mwisho lilikuja kuwa kweli.

Alivaa suti. Baba mdogo akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma na dumu la maji. Nilichukuliwa kwa sababu gari lilihitaji wa kulisukuma.

Tulikwisha kuiacha barabara kubwa, na mji wa wakwe unaonekana ng'ambo ya bonde, pikapu ilipolia kwa ndani kama inatafuna kokoto, ikanyamaza. Akafungua boneti, akatazama, akaifunga. Akaifungua tena. Nilisukuma mpaka kanga ikalowa jasho. Baba mdogo akasema twende kwa miguu, si mbali. Mume wangu akakataa katakata: hawezi kuliacha gari porini.

Bwana harusi mtarajiwa alikuwa analima ng'ambo kule. Alipotuona alikuja na maksai wake wawili, akawafunga mnyororo kwenye bampa. Mtu mwenye aibu angetembea pembeni, akajifanya anaongoza wanyama. Mume wangu aliingia ndani, akapandisha kioo, akashika usukani. Tulipokaribia ua akapiga honi. Honi ndicho kitu pekee kilichokuwa kizima.

Wazee wa pale walisimama kutupokea, na hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Walitunawisha, wakatulisha kuku, wakauliza habari za mvua za Musoma. Baadaye tukaenda zizini. Baba wa bwana harusi akatuonyesha wale maksai wawili, wazee, mmoja pembe imevunjika, shingo zao bado zina alama ya nira.

"Mkwe," alimwambia mume wangu kwa upole, "hawa wameshakufanyia kazi. Tuwahesabu kwenye mahari, au kwenye mafuta?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. Mume wangu, aliyeshinda wiki nzima akinifanyia mazoezi ya jinsi atakavyowakataa ng'ombe wabovu, alivuta tai yake akasema, "Mahari." Mmoja wa wale maksai hakumaliza mwaka. Wifi hajamsamehe kaka yake, nami sijamshauri amsamehe.

Tulirudi nyumbani juu ya lori la mihogo. Njia nzima funguo zilikaa mfukoni, nikadhani ugonjwa umepona. Baada ya wiki kadhaa akaifuata pikapu yake.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya Musoma yakajaa sabuni za kila rangi. Magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kupita Bweri, yanawaka kwa kugeuza ufunguo mara moja tu. Spea za pikapu nazo zikaanza kupatikana Mwanza. Miaka yote alikuwa amelia kwamba spea hakuna. Sasa zipo, akasema za siku hizi si za kweli, akaendelea kuchonga bushi kwa mpira wa ndara.

Nilichoka. Nilipopeleka dagaa Mwanza nikamnunulia kabureta mpya na pampu ya breki. Akazifunga kwa uso wa mtu anayelishwa dawa. Kesho yake akaenda Bunda na kurudi. Gari halikuzimika hata mara moja, wala hakuna aliyelisukuma. Zamani akirudi safari mtaa mzima ulipata hadithi. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda, akaitikia salamu za watu kwa mkato. Nilipomwuliza habari za njia akasema ni kavu.

Asubuhi nikamkuta amelala chini ya pikapu, spana zimepangwa juu ya kanga yangu. Nikamwuliza imeharibika nini.

"Bado," alisema.