Jumba Linauzwa, na Bibi Anadhani Tunarudi Tanga

Admin, nifichie jina, maana humu wamo wanaonijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tanga. Baada ya kuachika nilimwacha binti yangu kwa dada yangu nikaja Johannesburg kutafuta maisha. Namtunza bibi mmoja wa kizungu shambani kwake, nje kabisa ya mji, ukishakipita kitongoji cha Diepsloot. Msinionee wivu mkisikia naishi kwenye jumba la kihistoria. Lilijengwa kama ngome enzi wazungu wanapigana wenyewe kwa wenyewe: kuta nene za mawe, milango ya chuma, na ghorofani badala ya madirisha kuna vitundu vya kutolea mtutu wa bunduki. Jua haliingii. Aliyelijenga aliogopa watu, na kweli watu hawaji. Nje kuna banda la farasi lisilo na farasi, na miti ya pichi ambayo matunda yake wanakula ndege. Zipo wiki nzima sauti pekee ninayoisikia ni ya Bibi.

Na Bibi anazungumza Kiswahili. Alizaliwa Tanga, baba yake akiwa na shamba la mkonge, akalelewa na yaya wa kwetu. Sasa ni mzee sana na akili inamchenga. Kiingereza kinampotea, kilichobaki ni kile Kiswahili cha utotoni. Ananiita Yaya. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, baadaye nikawa naitika tu. Mama yangu alipofariki nami sikuweza kwenda kumzika, Bibi alikaa nami mkekani na magoti yake yale mabovu, akaniambia, "Pole mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Siku hiyo nililia begani kwake, sikuwa na mwingine.

Mwaka huu watoto wake wameamua kuuza jumba na shamba lote. Siwalaumu, umeme ukikatika huku ni giza na baridi tupu, na wao wanaishi mbali. Akaja dalali na wanunuzi, wakaingia moja kwa moja mpaka chumbani kwa Bibi, wanacheka, wanachungulia kwenye vile vitundu. Bibi akajifungia chumba cha juu na mlango wake wa chuma. Mwanawe mkubwa akagonga, akabembeleza kwa Kiingereza mpaka akachoka, wakaanza kuzungumzia kumwita fundi aje akate kitasa. Mimi nikapanda ngazi, nikasimama, nikapiga hodi kama kwetu. Nikapiga tena, nikangoja. Ya tatu akajibu, "Karibu," akafungua. Alikuwa amekasirika tu kwamba wageni wameingia bila hodi.

Nadhani hapo ndipo nilipojiponza. Nyumba ilipopata mnunuzi, yule mwanawe aliniita jikoni. Akasema wamempatia mama yao nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, lakini hatakubali kutoka, na hawataki abebwe kwa nguvu au apigwe sindano ya usingizi. Akaniomba nimwambie Bibi kwamba tunakwenda Tanga, nipande naye gari, nimfikishe. Wakishampokea, mimi nitakatiwa tiketi ya kwenda nyumbani. Binti yangu ni mjamzito, anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, na kila akipiga simu ananiuliza kama nitakuwepo. Nikaomba niende kukaa na Bibi huko huko. Akasema wana wafanyakazi wao, haiwezekani. Alikuwa na machozi, sitamsingizia ubaya.

Mnisikilize kabla hamjaniambia niseme ukweli. Niliusema. Nilimkalisha Bibi nikamweleza kwamba nyumba imeuzwa na anahamia pengine. Alilia, moyo uliniuma. Kesho yake alikuwa amesahau, akaona maboksi, akauliza tena. Nikamweleza tena, akalia upya kama hajawahi kusikia. Siku ya tatu akauliza, "Yaya, tunarudi Tanga?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema ndiyo.

Hilo hajalisahau. Tangu hapo anakula vizuri, anaimba. Amemshika mkono mkata majani, yule anayekuja mara moja kwa mwezi, akamuaga. Ameniuliza kama mama yake atakuwa amelala tukifika, nikamwambia atakuwa macho.

Jumapili nilikwenda mjini kwa rafiki yangu, msusi Mkongomani wa Lubumbashi, nikamwaga yote huku ananisuka. Akaniambia, "Dada, ile si uongo, ni dawa. Unamuacha aende na furaha. Wee uko na mutoto yako anakungoja." Labda ni kweli. Lakini kwetu husemwa njia ya mwongo ni fupi, na mimi najua yangu inaishia wapi: mlangoni pa watu wasioelewa hata neno moja analosema. Ataomba maji, watadhani anaweweseka. Na mimi ndiye nitakayekwenda Tanga kweli.

Leo asubuhi nilikuwa namchana nywele. Amevaa gauni lake jipya, amekataa kulivua. Akanishika mkono akasema, "Yaya, tukifika usinishike. Nataka nishuke mwenyewe, mama aone nimekua."

Gari linakuja Jumamosi. Ndugu zangu, msinitukane, nielekezeni tu: huo mlango wa gari nikamfungulie mimi tukifika, au nikatae kupanda naye, nibaki huku?