Mama Aliyempangia Kila Mtu Zamu

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa kwa kinyozi hapa Kakamega mjini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mpwa wangu alipiga simu kutoka Matungu akaniambia yule mama wa zahanati ametutoka, mazishi ni Jumamosi. Nilienda. Msomaji wangu, kama hujawahi kuona jinsi mtu anavyopendwa akishakufa, ungekuja siku ile ujionee. Mheshimiwa mmoja alimwita nguzo ya jamii, na jina lake alikuwa analisoma kwenye karatasi. Kanisa lilimwita shujaa wa imani, kanisa lilelile ambalo wazee wake waliwahi kumwita pembeni wakamwuliza anatafuta nini kwa mzee aliyerogwa. Kulikuwa na hema tatu, spika kubwa mbili, na obusuma, ugali wetu, ya kulisha kata nzima pamoja na kuku wake. Ningekuwa yeye ningefufuka dakika kumi nile, kisha nirudi zangu nikapumzike.

Nilimfahamu miaka ile ya neema ya sukari, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mwenye suruali mbili na maoni mengi. Miwa ilipandwa mpaka mlangoni. Watu waling'oa mihogo, wakang'oa migomba, na jirani yangu mmoja alihamisha choo ili apate mistari miwili zaidi. Halafu tulienda dukani kununua unga tukijiita matajiri. Kila mtu alikuwa na shughuli: kupalilia, kutia mbolea, kungojea matrekta ya kiwanda. Wazee ndio hawakuwa na shughuli, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwatazama, maana mzee havunwi wala hapakiwi kwenye trela.

Jirani yetu mmoja alikuwa nyapara mstaafu wa wakata miwa, na mkewe alikuwa amefariki. Akili ilianza kumponyoka kidogo kidogo. Alisahau majina ya wajukuu, kisha njia ya kwenda chooni, na mwishowe akasahau kwamba mkewe alikuwa kaburini. Kila asubuhi alivaa buti zake akaingia kwenye miwa kutafuta vijana wake wa kazi. Sisi watu wenye akili timamu tuligawanyika makundi mawili: waliosema amerogwa na waliosema anajifanya. Wanawe wawili, watu wazuri tu wa kanisani, walipata dawa dukani Mayoni, nayo ilikuwa kufuli. Walimfungia chumbani wakienda shambani, wakamfungulia jioni, kwa usalama wake, na sote tukakubali kwamba huo ni upendo mkubwa. Alikuwa akigonga mlango mchana kutwa, nasi tukauzoea mlio wake kama tulivyozoea trekta.

Yule mama alikuwa mhudumu wa zahanati, mfupi, hajui kubembeleza. Alifika pale siku moja akaomba ufunguo kana kwamba anaomba chumvi, akafungua, akamkuta mzee amejichafua, akamwosha mwenyewe. Kisha akatuita majirani. Hakutuhubiria. Alituambia ugonjwa huu uko kichwani, si uchawi, hauponi, lakini mtu anaweza kuishi nao nyumbani kwake kwa heshima ikiwa kazi itagawanywa. Akaigawa palepale. Mke wa mwana mkubwa angempa uji na chakula kwa saa zilezile kila siku. Fundi baiskeli angemnyoa na kumwogesha. Jirani mjane, ambaye kila siku alikuwa anakaa kubambua karanga, aliambiwa ahamie kubambulia barazani kwa mzee. Mimi nilipewa Jumatano jioni, kumzungusha mpakani mwa shamba. Yeye mwenyewe alipita kila siku akamkagua miguu na kumwuliza kila mmoja mzee amekula nini, amelala vipi, ameuliza nini.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Alitaka wote tumpe mzee jibu moja. Akiuliza vijana wake wa kazi wako wapi, wameenda kunywa chai. Akimwulizia mkewe, ameenda sokoni. Ukimwambia hili na mwenzako akamwambia lile, alisema, mnamtia hofu mchana kutwa. Sasa mimi mwalimu wa watu, niliyechapa watoto kwa kusema uongo, nifundishwe kudanganya na mhudumu wa zahanati! Nilimweleza kwa maneno marefu umuhimu wa ukweli katika maendeleo ya taifa. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwalimu, wewe sahihisha madaftari. Mzee muache."

Sikumwacha. Jumatano moja nilifika mapema kwa kuwa shule ilikuwa imefunga. Mzee akaniuliza, "Mama watoto yuko wapi? Anakawianga hivi?" Nami kwa uadilifu wangu wote nikamwambia mkewe alikufa, nikamwonyesha na kaburi. Alilia kama mtu aliyepata habari hizo dakika ile, na kwake ndiyo ilikuwa dakika ile. Niliona haya nikaenda kumtafutia maji. Niliporudi na kikombe, hakuwepo, na buti zake hazikuwepo.

Hapo lazima nimweleze msomaji asiyetoka kwetu ujanja mmoja tuliokuwa tunajivunia. Kiwanda kilivuna kwa foleni, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini miwa iliyoungua haisubiri, inapoteza utamu, kwa hiyo ilikatwa kwanza. Basi mtu alikuwa anachoma miwa yake mwenyewe kisha anapiga mayowe ya kuunguliwa. Siku hiyohiyo wanawe walikuwa wamechagua kupata bahati mbaya. Hawakumwambia mtu, maana ajali haitangazwi. Nilisikia moto kabla sijauona, nikajua mzee yumo ndani, na nikajua ni nani aliyempeleka.

Nilikimbia huku na huku nikimwita kwa sauti kubwa, mzee, mzee, toka. Watoto wake walikuwa wamesimama tu, mmoja bado ana kibiriti mkononi, analia. Yule mama alikuja mbio kutoka zahanati. Hakuniuliza kitu. Aliwakimbilia wakata miwa waliokuwa shamba la jirani, akawapanga mstari kwenye njia, upande ambao moto haujafika, panga mkononi, kama vijana wa mzee walivyokuwa wakisimama zamani kuitwa majina. Akaanza kuwaita kwa sauti nzito, jina moja moja, nao wakaitikia, "Niko! Niko!" Walirudia mara ngapi sijui. Mimi nilikuwa nimepiga magoti. Kisha miwa ikatikisika, mzee akatoka na moshi nyuma yake, mkono mmoja umebabuka, akasimama mbele ya mstari amekasirika kweli. "Mmechelewa kazi," akasema. Yule mama akamjibu, "Tusamehe, nyapara," akamshika mkono kumpeleka nyumbani.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Aliniambia tu Jumatano ijayo nisichelewe. Mzee yule aliishi miaka mitatu zaidi nyumbani kwake, bila kufungiwa, akafa kitandani pake akishikwa mkono na mjane wa karanga. Wanawe walimlilia sana, na kwa mara ya kwanza nadhani walikuwa wakweli. Mimi nilihamia mjini, nikawa mtu wa kalamu, na kisa hicho nimekisimulia kwenye semina nyingi, nikijiweka mahali pazuri zaidi kuliko pale nilipokuwa.

Ambalo sikulisimulia katika semina yoyote ni kwamba miaka minne iliyopita ugonjwa uleule ulimshika yule mama mwenyewe. Nilikuwa najua. Nilimwandikia bintiye, aliyeacha kazi Bukura ili amtunze, kwamba nipo, asisite kuniambia akihitaji chochote. Ni sentensi nzuri, haimgharimu mtu kitu. Nilienda kuwaona mara mbili, na mara zote nilikuwa na haraka. Baada ya mazishi, hema zikikunjwa, nilimfuata binti huyo nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniita. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mwalimu, ningeomba nini?" akasema. "Mama hakuwanga anauliza watu kama watasaidia. Alikuwa anasema wewe ni Jumatano. Nimengoja miaka minne mtu mmoja aje aseme ana siku."

Basi, msomaji, huko kwenu kuna nyumba yenye mzee anayeuliza swali moja mara ishirini kwa siku, na kuna mtu mmoja anayemjibu peke yake. Usimpelekee sentensi nzuri. Mtajie siku, kisha uende siku hiyo. Mimi nilikuwa na siku saba za kuchagua, kila wiki, kwa miaka minne, na mwanamke aliyeyaokoa maisha ya mzee niliyokaribia kuyapoteza mimi amekufa akihudumiwa na mtoto wake mmoja aliyechoka.