Eti Anakuja

Neno lenyewe Tumpe alilisikia kwenye simu, na alilisikia vibaya.

Kaisa, mwanamke wa Ufini aliyekuwa akisubiri kumuasili mtoto Happy, alijirekodi akitamka neno "mama" kwa lugha ya kwao, äiti, taratibu, mara tatu. Akalituma kwenye kituo cha watoto cha Kilolo, Iringa, ili mtoto azoeshwe. Tumpe, mlezi wa Happy, akaibana simu sikioni, akafumba macho, akasikiliza mpaka akaridhika. Kisha akafungua kitabu cha picha za Kaisa, akaweka kidole juu ya ule uso wenye madoadoa.

"Huyu nani?"

"Mzungu," akasema Happy.

"Huyu ni Eti. Sema Eti."

"Eti."

Verediana, mpishi wa kituo, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"We Tumpe we! Eti nini? Yaani mtu mzima na akili zake anaitwa Eti?"

"Ndiyo mama, kwa kwao."

"Haya. Ila angalia usije ukakosea ukamfundisha maiti."

"Acha uchuro, Vere."

Tumpe alizaliwa Soweto, Mbeya. Ndoa ndiyo iliyompeleka Kilolo, kwenye baridi ya kugandisha mafuta ya kupikia chupani. Ndoa ikafa, baridi ikabaki, na yeye akabaki nayo. Alipata kazi katika kituo cha watoto cha usharika, na sasa alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa hapo. Watoto kumi na mmoja walipita mgongoni kwake wakaenda kwa wazazi wa mbali. Mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Lakini ona ajabu yake: katika hao wote hakumruhusu hata mmoja amwite mama. Aliyejaribu alirekebishwa palepale.

"Mimi Shangazi. Mama yako yuko njiani."

Kwake neno hilo lilikuwa kama kiti cha mgeni. Ukikikalia wewe, mwenyewe akifika atakaa wapi?

Happy alikuwa wa kumi na mbili. Aliokotwa Igawa, kando ya barabara kuu, chini ya meza ya muuza vitunguu, akiwa na miezi kama minane. Ndugu walitafutwa, matangazo yakabandikwa, hakutokea mtu. Alipotimiza miaka minne, shirika moja lililounganisha watoto na familia za nje likasema kuna mke na mume Ufini wamesubiri miaka sita. Miaka sita! Mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza la sita, na wao bado wanangoja kuitwa mama na baba.

Wakaja Machi, Kaisa na mumewe. Siku ya Alhamisi gari lilisimama uwanjani, na kabla mtu hajatamka "karibu", Happy alikuwa ameshapenya katikati ya watu.

"Eti!"

Kaisa akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe. Hakulitambua neno, lakini alijua anaitwa. Tumpe akageuka akajifanya anatafuta ufunguo.

Ijumaa ilikuwa siku ya kusaini fomu ya utambulisho mbele ya afisa ustawi wa jamii, karatasi inayosema kwamba mtoto huyu na watu hawa wamekutana rasmi. Saa moja asubuhi habari zikaja: Mzee Saulo, jirani aliyeleta maziwa pale kituoni tangu siku ya kwanza, ameaga. Nyumba yake ilikuwa hatua thelathini tu kutoka getini.

Sosthenes, kijana wa shirika aliyekuwa amelala Kilolo na faili lake, akasema, "Shangazi, tusaini chapchap halafu twende msibani. Dakika kumi tu."

"Baba, watu wanalia hapo nje, sisi tupige mihuri na kupeana mikono? Watatuonaje?"

"Ni karatasi tu."

"Ndiyo nasema. Maiti ndiyo haingoji. Karatasi haiozi."

Afisa mwenyewe alikuwa ameshajifunga kitenge, anaelekea kwa wafiwa. Basi wakaenda wote. Kaisa alifungwa khanga, akakaa chini na wanawake, akamenya viazi kwa kisu kibutu. Aliyekuwa mgongoni kwake katika mbeleko, amelala fofofo, alikuwa Happy. Mtu akawapiga picha. Wanawake wakasema, huyu mzungu ana utu. Wakazika Jumamosi. Jumatatu, tarehe kumi na saba, fomu ikasainiwa, mhuri ukalia. Jumatano wageni wakaondoka kwenda kungoja tarehe ya mahakama.

Waraka ulifika Mei.

Sosthenes alikuja nao mwenyewe kutoka Iringa mjini, na hakutaka chai. Akausoma amesimama. Uasili wa watoto kupitia mashirika ya nje umesitishwa. Watakaoendelea ni wale tu ambao fomu zao za utambulisho zilisainiwa hadi Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi.

Tumpe akamwambia arudie hapo kwenye tarehe. Akarudia.

"Ijumaa ya msiba," akasema Tumpe.

"Ijumaa ya msiba, Shangazi."

"Sasa kwa nini wamefunga? Sisi tumekosa nini?"

"Sio sisi. Wanasema kuna mashirika yalikuwa yanapeleka watoto ambao wazazi wao wapo hai. Mtoto anapotea huko, hakuna anayejua anakula nini. Serikali imeogopa."

Hofu hiyo hata Tumpe aliijua. Kila mtoto aliyeondoka alimlaza macho. Angeichukia vipi sheria inayoogopa kitu kilekile anachokiogopa yeye? Hapo ndipo alipokosa hata wa kumkasirikia, ikabidi ajikasirikie mwenyewe.

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Mbeya. Ofisi ya kanda ya shirika ilikuwa Soweto, mtaa wa pili kutoka alikozaliwa, na kwenye mkoba alikuwa na ile picha ya msibani. Basi liliposimama Igawa alichungulia dirishani. Meza za vitunguu zilikuwa palepale. Akajikuta anatazama chini yake.

Soweto alikuta kibao kimeng'olewa, misumari minne imebaki ukutani. Vijana walikuwa wakipakia viti kwenye Canter. Ndani alikuwemo Ruwaida, karani, amefunga ushungi, anapanga mafaili kwenye maboksi.

"Shikamoo, Shangazi. Umefika tunahama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta ushahidi." Akaitoa picha. "Huyu Kaisa, huyo mgongoni Happy. Hii ni Ijumaa, tarehe kumi na nne. Kilolo nzima iliona. Kama kumbeba mtoto kwenye mbeleko sio kutambulishana, basi ni nini?"

Ruwaida aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaifuta kwa ncha ya ushungi ingawa haikuwa na vumbi.

"Naamini, Shangazi. Wallahi naamini. Lakini picha haina mhuri."

"Mhuri upo wa Jumatatu."

"Ndiyo huo unaotumaliza. Tulishaandika barua mbili. Ya pili tumejibiwa." Akainamia boksi. "Huko Ufini nako faili lao limefungwa. Umri umewapita, hawaruhusiwi kuanza upya. Kaisa ametuma ujumbe. Anasema umwambie mtoto hakumwacha."

Hebu jaribu wewe. Jaribu kumweleza mtoto wa miaka mitano kwamba mama yake hakumwacha, ila hatakuja. Tumpe alijaribu njia nzima ya kurudi, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na lugha zote mbili zikamkatalia.

Alipofika hakusema. Alikificha kitabu cha picha juu ya kabati, Happy akapanda kwenye ndoo akakishusha. Siku moja, wakati anamsuka nywele, Tumpe akakusanya moyo.

"Happy, ukitaka, waweza kuniita mama."

Mtoto akageuka, kitana kimening'inia kichwani, akamwangalia kama mtu aliyekosea njia ya kwao.

"We ni Shangazi," akamrekebisha. "Mama yuko njiani."

Januari Happy akaanza darasa la awali. Mwalimu Philbert alikuwa na fomu za usajili mezani, watoto wengine wamekaa kwenye mkeka.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Eti."

"Eti nani?"

"Eti."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, kisha akamwona Tumpe aliyesimama mlangoni, tabasamu likamwisha. Kwenye nafasi ya mama akachora mstari. Chini yake, palipoandikwa mlezi, akaandika Tumpe.

Waliporudi, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye misonobari. Happy alitembea mbele akipiga vijiwe teke, kisha akasimama.

"Shangazi, Eti anakuja?"

Tumpe alisikia swali likirudi masikioni mwake kama ambavyo mtu yeyote wa Kilolo angelisikia: swali la mtu ambaye ameambiwa jambo na haliamini. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumdanganya mtoto. Alitafuta neno la kweli, akalikuta moja tu, lile alilolifundisha mwenyewe.

"Eti anakuja," akasema.

Happy akaruka kwa furaha, akakimbia kwenda kumwambia Verediana.